Mhimili Unaobebwa na Hewa

Wasikilizaji, kila mwenye baiskeli au cherehani ajua kwamba chuma kikisugua chuma bila mafuta hupata moto, hulia, na mwisho hulika. Ndiyo sababu fundi hutia tone la mafuta penye beringi, ili utando mwembamba uingie kati ya vyuma viwili, visigusane. Leo nataka kuwaeleza habari ya beringi zisizotiwa mafuta hata kidogo. Badala yake mhimili unaozunguka hubebwa na hewa hii tuvutayo puani.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1854 Mfaransa Gustave-Adolphe Hirn alikwisha kusema kwamba hewa yaweza kufanya kazi ya mafuta. Na mwaka 1897 Albert Kingsbury wa Marekani alionyesha mhimili wa chuma ukizunguka juu ya hewa. Mhimili uzungukapo kwa kasi huikokota hewa na kuiingiza katika nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele. Hewa ikibanwa hupata nguvu, ikauinua mhimili. Hapo chuma hakigusi chuma. Tena mafuta yakipata moto mkali huungua, lakini hewa haiungui.

Je, hapana dhara? Lipo. Mashine ianzapo na isimamapo, mwendo ni wa polepole, hewa haina nguvu ya kubeba, na mhimili hulala juu ya beringi na kuisugua. Basi beringi hii hailiki katika kazi. Hulika katika kuanza na katika kukoma. Kwa hiyo mafundi huhesabu mara ngapi mashine imewashwa na kuzimwa.

Dawa yake ni kuupaka mhimili au beringi ngozi ya vitu viteleza vyenyewe. Katika miaka ya 1990 mafundi wa shirika la NASA, Marekani, walichanganya nikeli na kromi kwa ugumu, fedha iteleze penye joto dogo, na chumvi ziitwazo floraidi ziteleze penye joto kali. Beringi zilizojaribiwa kwa ngozi hiyo zilistahimili kuwashwa na kuzimwa mara 100,000.

Faida yake ni kubwa. Tangu miaka ya 1970 beringi za hewa zimetumika katika mashine za kupoza hewa ndani ya ndege za abiria. Kwa kuwa hazina mafuta, hakuna mafuta ya kuvuja yakaichafua hewa wanayovuta wasafiri.