Mali Isiyo na Mwenyewe



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara asije akafilisika. Lakini msemo huo una upande wa pili: mali bila daftari huweza pia kuingia bila habari, na ikiisha kuingia ikautawala mji. Mfano ulio wazi ni mji wa Vancouver, katika jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada.

Vancouver si mji wa dhiki. Ni bandari kubwa ya Bahari ya Pasifiki, na mara nyingi umetajwa miongoni mwa miji inayofaa zaidi kuishi binadamu. Hata hivyo, mwalimu na karani wa mji huo hawamudu kununua nyumba yenye kiwanja chake, kwa kuwa bei yake imepita dola milioni moja za Kanada. Aprili 2016, serikali ya jimbo ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vifo vya dawa za kulevya, na katika miaka minane iliyofuata watu zaidi ya 14,000 walikufa.

Fedha za walanguzi wa dawa hizo zilikwenda wapi? Kwa miaka mingi sehemu yake ilipitia kwenye kasino, hadharani. Tajiri kutoka China, ambako sheria inamzuia mtu kutoa nje zaidi ya dola 50,000 za Kimarekani kwa mwaka, alifika Vancouver akitaka kucheza kamari au kununua nyumba. Genge lilikuwa na marundo ya noti lisiloweza kuyapeleka benki. Basi genge lilimkopesha tajiri noti hizo, naye akalipa deni lake huko huko China. Hakuna hata senti moja iliyovuka mpaka, lakini mlanguzi alipata fedha zilizotakaswa, na tajiri akapata alichokitaka.

Noti hizo, nyingi zikiwa za dola 20, zililetwa kwenye kasino ndani ya mifuko. Katika mwaka 2014 peke yake, kasino za jimbo zilipokea fedha taslimu karibu dola bilioni 1.2 katika malipo ya dola 10,000 na zaidi. Mara 1,881 mchezaji mmoja alilipa kwa mkupuo dola 100,000 au zaidi. Yaani zaidi ya mara tano kila siku.

Je, hapakuwa na walinzi? Walikuwapo. Wakaguzi wa idara ya kamari waliandika taarifa, wakazirudia mwaka hata mwaka. Lakini kikosi cha polisi kilichoshughulikia kamari haramu kilikuwa kimevunjwa mwaka 2009, na mapato ya kasino yalikuwa yakiingia katika hazina ya jimbo. Kila ofisi iliiona kazi hiyo kuwa ya ofisi nyingine. Desemba 2014, maofisa wawili wa ngazi ya juu waliokuwa wametoa maonyo hayo waliachishwa kazi.

Mwaka 2019 iliundwa Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Austin Cullen, nayo ikatoa taarifa yake Juni 2022. Tume haikupata ushahidi kwamba viongozi wa kisiasa walikula rushwa. Iliona kwamba baadhi yao walijua, wasichukue hatua za kutosha. Hapo ndipo penye fundisho zito kwa mtumishi wa umma. Uhalifu hauhitaji kumnunua kila mkubwa. Mara nyingine hutosheka na mkubwa anayeliahirisha jalada hadi kesho.

Wala wingi wa makaratasi si ulinzi. Katika mwaka wa fedha 2019/20, shirika la Kanada linalofuatilia fedha haramu lilipokea taarifa zaidi ya milioni 31. Katika hizo, majalada yaliyofikishwa kwa vyombo vya dola nchini kote yalikuwa 2,057, na yaliyofika British Columbia ni 355 tu. Daftari lilikuwapo, msomaji hakuwapo.

Fedha nyingine zilijificha katika nyumba. Uchunguzi wa mwaka 2016 uliziangalia nyumba 100 za thamani kubwa kabisa Vancouver, ukaona kwamba karibu nusu yake mwenyewe hasa hajulikani. Zilikuwa chini ya makampuni ya jina tu, au watu waliojiandikisha kuwa ni wanafunzi na mama wa nyumbani. Hata hivyo, haki yataka isemwe kwamba Tume haikukubali kuwa fedha haramu ndicho chanzo cha ughali wa nyumba. Uhaba wa nyumba na wingi wa watu vina uzito zaidi. Asiyetofautisha sababu hizo hukimbilia kuwalaumu wageni wote, na mhalifu hupata kivuli kipya cha kujifichia.

Dawa iliyofaa ilikuwa nyepesi. Kuanzia Januari 2018, kila aletaye dola 10,000 au zaidi kwenye kasino alitakiwa aonyeshe amezipata wapi. Mifuko ya noti ikapungua ghafla. Novemba 2020 ikaanza kutumika sheria ya kumtaja mmiliki wa kweli wa ardhi. Lakini ucheleweshaji una gharama yake: kesi kubwa iliyotokana na mtandao huo ilifutwa Novemba 2018, na waliokufa hawarudi.

Basi karani anayepokea fomu, mwalimu anayefundisha hesabu na uraia, na mkuu wa idara anayesoma taarifa za walio chini yake, wote ni walinzi wa mlango mmoja. Swali la "umeipata wapi?" halimdhalilishi mwenye mali halali, kwa kuwa jibu analo. Na taarifa ya mkaguzi mdogo isomwe siku inapofika mezani.