Tarehe ya kukumbuka wafu wetu



Huku kwetu siku ya sita inaitwa siku ya posho, sababu zamani kampuni za wazungu ziligawia wafanyakazi chakula siku ile. Kampuni zilienda, jina likabaki. Sisi tunaogawa unga leo tunalijua vizuri: tukigawa siku ya posho, Waadventista wanakosa. Siku ya tano adhuhuri Waislamu wako musikitini. Siku ya yenga, tusiseme.

Lakini siku ngumu ni ya wafu. Songolo ilishambuliwa tarehe 31 Agosti 2002, Nyankunde tarehe 5 Septemba. Siku tano tu katikati, na kila upande unaanza hesabu kwa siku yake. Wa Savo wana usiku wa kuamkia 2 Februari 2022. Tukichukua moja, wengine watasema tumechukua upande, na hawatakosea.

Serikali imeweka 2 Agosti, siku vita vya 1998 vilianza, kuwa ya Genocost, kwa sheria ya Desemba 2022. Ni vizuri, ila ile ni siku ya hotuba. Siku moja mbele yake, 1 Agosti, ni siku ya wazazi: kila kabila linaenda kutoa majani kwa makaburi, na hakuna anayeuliza nani alianza.

Tunapendekeza hiyo. Wenye makaburi yako vijijini ambako njia ingali mbaya, muandikishe majina kwa komite mbele ya mwisho wa mwezi wa saba. Yatasomwa pamoja, bila kabila.