Hesabu ya Kikapu na Picha ya Mashine

Kikapu cha kuzungusha, kinachosukwa Rwanda, Burundi na sehemu za Tanzania zinazopakana nazo, huanza na kitovu cha nyasi kilichofungwa kwa uzi. Kila mzunguko hushonwa juu ya uliotangulia, na kadiri kikapu kinavyotanuka ndivyo mishono inavyoongezeka. Msusi anayetaka pembetatu nyeusi zilizo sawa sharti ajue mapema mishono itagawanyikaje. Akikosea, pembetatu ya mwisho haikutani na ya kwanza. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliandika vitabu vingi kuthibitisha kwamba ndani ya ususi wa Afrika mna jiometri kamili.

Teknolojia ya kidijiti ilianza kwa kuiheshimu hesabu ya namna hiyo. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard wa Ufaransa alitengeneza kitanda cha kufumia kilichoongozwa na kadi zenye matundu, na miaka ya 1830 Charles Babbage wa Uingereza alizichukua kadi hizo kwa ajili ya mashine yake ya kukokotoa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha Sketchpad, programu ya kuchora kwenye kioo cha kompyuta, ambamo mistari iliyoamriwa iwe sambamba ilibaki sambamba hata mchoro ulipovutwa. Programu za usanifu zinazotumiwa leo na wachora ramani za majengo ni wajukuu wa kazi hiyo.

Akili mnemba inayotengeneza picha ni jambo jingine. Midjourney na Stable Diffusion, zilizofika mikononi mwa umma mwaka 2022, zilifunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maelezo. Stable Diffusion huanza na vurugu ya nukta, kisha huisafisha hatua kwa hatua hadi sura iliyoombwa ijitokeze. Haihesabu mishono, inakisia mwonekano. Kijana wa kijijini akiiomba kikapu kupitia simu yake, anaweza kupata picha ya kuvutia ambayo hakuna sindano itakayoweza kuifuata. Tena, mashine inajua kile tu kilichopigwa picha na kuelezwa, na vikapu vya Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, vimeelezwa kidogo sana. Pengo hilo hujazwa na kikapu cha "Kiafrika" kisicho na kwao, na hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kuiga kwenyewe si kosa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vibao vya mraba. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukaishi kwa sababu jamaa na wanafunzi waliketi karibu naye, wakamwiga, kisha kila mmoja akaongeza lake. Mwaka 2010 filamu za katuni za *Tinga Tinga Tales*, zilizotengenezwa Nairobi, ziliwafanya wanyama wa mtindo huo watembee na kusema. Hapo kompyuta ilikuwa chombo mikononi mwa wasanii. Mashine inayotoa "Tingatinga" kwa sekunde chache haina mwalimu inayemtaja wala mwanafunzi inayemwachia ujuzi.

Sheria nayo haijaziba pengo hilo la kuiga bila kumtaja mwenye mtindo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, lakini hakimiliki kwa kawaida hulinda kazi iliyokamilika, si mtindo. Nchini Marekani, mahakama moja ya Washington iliamua Agosti 2023 kwamba picha isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki. Kwa hiyo mtindo wa jamii unaweza kuchotwa bila malipo, na kilichochotwa kikabaki bila mwenyewe. Ulinzi ulio karibu zaidi ni kumbukumbu: kila nakshi iandikwe pamoja na jina la msusi aliyeridhia, kijiji chake, majani na nyuzi alizotumia, na idadi ya mishono katika kila mzunguko.