Mtoto Hajaokoka Mpaka Akabidhiwe

(Mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu wakuu na maafisa elimu kata, Dar es Salaam)



Nimetakiwa kuzungumza juu ya shule na maafa. Sikusudii kusema habari za mitungi ya kuzimia moto wala ndoo za mchanga. Hayo ndugu zetu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanayajua kuliko mimi. Nakusudia kuizungumzia saa moja tu: ile saa ambayo mwalimu amesimama uwanjani na watoto, mzazi amefika langoni akihema, na kila mmoja anamtafuta mwenzake.

Wakazi wa mji huu saa hiyo wanaijua. Jumatano tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la Mbagala lililipuka kabla ya adhuhuri, watoto wakiwa shuleni na wazazi makazini. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Watoto walifuata mkondo wa watu wazima waliokuwa wakikimbia, wakajikuta katika mitaa wasiyoijua. Haikupita miaka miwili, tarehe 16 Februari 2011, yakatokea yale ya Gongo la Mboto. Safari hii ilikuwa usiku, maelfu wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru, na Msalaba Mwekundu wakawa na kazi ya kuwaandikisha watoto waliopotezana na jamaa zao.

Lakini mfano ulionifanya nikubali mwaliko huu ni wa jirani zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2024, bweni la wavulana la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliungua. Ndani walilala wavulana zaidi ya 150. Waliokufa ni 21. Hata hivyo, siku ile ya kwanza viongozi wa Kenya walitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo. Ndugu walimu, hiyo haikuwa hesabu ya maiti. Wengi wa watoto hao walikuwa hai: wengine wamechukuliwa na wazazi wao gizani, wengine wamekimbilia nyumba za majirani. Ikabidi wazazi na majirani waombwe wajitokeze, waseme mtoto yupi yuko kwa nani. Wakati huo miili mingine ilikuwa imeungua kiasi kwamba haikutambulika ila kwa vipimo vya vinasaba.

Mfikirieni mzazi aliyesimama nje ya uzio asubuhi ile. Mwanawe yumo katika 70. Je, yuko hai kwa jirani, au ndiye yule aliyefunikwa shuka? Baadhi yao wangeweza kujibiwa mapema zaidi kama pangalikuwapo mtu langoni mwenye kalamu na orodha.

Simlaumu mzazi aliyemnyakua mwanawe akaenda zake. Mimi pia ni mzazi, nami ningefanya hivyo hivyo. Mzazi aliyemwona mwanawe hai hangoji kutia sahihi, na ndiyo sababu utaratibu lazima uwe umezoeleka kabla ya siku yenyewe: lango moja tu la kutolea watoto, mwalimu mmoja aliyekwisha kuteuliwa kusimama hapo, na jina la mchukuaji kuandikwa hata kama ni nyuma ya karatasi ya mtihani.

Katika kujitayarisha nilimtembelea mwalimu mmoja, shule yake siitaji, nikamwomba anionyeshe daftari la mahudhurio kana kwamba kengele ya hatari imelia. Daftari lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao Mwalimu Mkuu, naye yuko mkutanoni. Lilipopatikana mchana, tulichagua majina kumi. Namba tatu za simu hazikupatikana. Mtoto mmoja ameandikwa kwa jina la baba anayeishi Mwanza, kumbe analelewa na mama yake mdogo, Tandika, ambaye daftari halimjui kabisa. Siku ya maafa mama huyo atakuja analia, na mwalimu hatakuwa na njia ya kumtofautisha na mwizi wa watoto.

Hapa ndipo ninapowaona mabalozi wa nyumba kumi. Mama mtaani huitwa Mama Rehema; daftarini ni jina jingine, na mtoto wa darasa la awali ukimwuliza mama yake anaitwa nani atakujibu: “Mama.” Balozi anayajua majina yote mawili, na anajua nani amehamia kwa bibi yake tangu mwezi uliopita. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi za chini. Sijaona sababu ya kamati hizo na shule kutokaa meza moja na mabalozi, mara moja kwa muhula, wakasahihisha orodha za watoto.

Yako mashaka ambayo sitayaficha. Kukabidhi watoto hakutangulii kuwaweka mahali salama. Tarehe 11 Machi 2011, baada ya tetemeko kubwa la ardhi nchini Japani, wanafunzi wa shule ya msingi ya Okawa, mjini Ishinomaki, walikaa uwanjani karibu dakika 50, na baadhi ya wazazi wakaja kuwachukua watoto wao. Nyuma ya shule palikuwa na kilima. Mpango wa shule ulisema tu kwamba watoto wapelekwe kwenye kiwanja kilicho wazi au bustani ya karibu, bila kupataja mahali penyewe. Bahari ikafika. Wanafunzi 74 kati ya 108 walikufa au kupotea, pamoja na walimu 10. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Sendai iliamua kwamba kosa lilitendeka kabla ya tetemeko, katika maandalizi ya shule na ya idara ya elimu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Japani ikauacha uamuzi huo usimame.

Kwetu, amri nyepesi wingu linapotanda ni hii: “Watoto, nendeni nyumbani.” Mwezi Aprili 2024, mjini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mafuriko na wanafunzi wakafa. Masika ya Msimbazi mnayajua. Mwalimu anayemzuia mtoto darasani hadi maji yapungue atatukanwa na wazazi, na nawaomba maafisa mliopo hapa mumtetee kwa maandishi, sasa, kabla hajatukanwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na karatasi ya mfano ya makabidhiano: jina la mtoto, jina la mchukuaji, undugu wao, saa, sahihi au dole gumba. Nakala ziko kwa Ndugu Katibu pale mlangoni. Naomba kila Mwalimu Mkuu achukue moja, na Ijumaa hii tujaribu kwa darasa la awali peke yake, wakati wa kutoka.