Dola 109: maneno ya mwenzetu mmoja mbele ya mkutano wa vijana, Kadutu

  Mutanisamehe nasoma kwa karatasi, juu nikisema bila kusoma nitaruka pale penye kuniuma.

Wengi wenu munajua habari, lakini haiko wote. Wenzetu sita walikamatwa kwa maandamano ya maji, wakalala kasho siku tisa. Na munajua kasho ya kwetu: unakula kile ndugu yako anakuletea, bila hicho haukule. Tulichangishana. Mwingine alitoa franka elfu mbili, mwingine dola moja, mama mwenye kuuza sambaza alitoa dola tano peke yake. Ilifika dola 112. Pesa ilikuwa kwa simu yangu, juu mimi njo nilitunza mfuko. Jumamosi nilicheza dola 20 kwa pari, ziwe 60, wenzetu wapate hata nyama. Hivyo njo nilijiambia. Jumapili usiku zilibaki dola 3. Jumatatu na Jumanne wenzetu hawakukula.

Simu haikuibiwa, vile niliwadanganya mwanzo.

Tangu siku ile naitwa mwizi, na ni haki. Mama yangu alisema nimerogwa. Mchungaji alitaka nifunge siku saba. Wenzangu wawili walitaka nipigwe, na ninawaona wamekaa pale, jambo wandugu. Lakini hakuna mmoja aliniuliza swali lenye nilikuwa najiuliza mwenyewe usiku: mbona nilikuwa naendelea kucheza wakati hata furaha haikuwa tena? Juu ni kweli kabisa. Kwa miezi mingi kushinda hakukunipa kitu. Siku moja nilipata dola 40, dakika tano hazikuisha nilikuwa nimezirudisha zote.

Swali hilo njo lilinipeleka SOSAME. Munganga wa kule alinieleza mambo fulani, mengine nilitafuta na kusoma mwenyewe, na leo nitawapa vile niliyaelewa.

Ubongo wa mtu una seli za neva karibu bilioni 86. Chini kabisa, katikati, kuna kikundi kidogo chenye kutoa kemikali inaitwa dopamini. Seli hizo hazifiki hata milioni moja, lakini nyuzi zake zinaenda mbali. Nyingine zinafika mahali penye kumsukuma mtu atamani, atafute, ainuke. Nyingine zinafika mbele, nyuma ya paji la uso, pale tunapangia mambo na pale tunajiambia «ngoja kwanza». Kwenye simu munasoma kila siku kwamba dopamini ni kemikali ya furaha. Mimi pia niliamini. Kumbe kama ingekuwa furaha tu, ningeacha pari siku furaha ilikwisha.

Uswisi, mji wa Fribourg, kulikuwa mwanasayansi Wolfram Schultz. Alisikiliza seli hizo ndani ya ubongo wa tumbili, moja kwa moja. Tumbili alikuwa anapewa tone la maji ya matunda. Mwanzo, tone likifika, seli zinapiga kelele. Halafu wakaanza kumwonyesha alama kidogo, taa kwa mfano, mbele ya tone. Tumbili alipozoea, seli hazikushughulika tena na tone. Zilipiga kelele kwa ile alama. Na kama alama imekuja lakini tone halikuja, zilinyamaza kuliko kawaida, saa ileile tone lilipaswa kufika. Mwaka 1997 Schultz na wenzake wawili waliandika maana yake: seli hizi hazipimi utamu wa kitu. Zinapima tofauti kati ya kile ulikuwa unangojea na kile umepata. Kitu chenye unajua kitakuja, hata kiwe kitamu namna gani, hazikihangaikii.

Mshahara wa mwalimu ungekuwa unafika kila mwezi, ungekuwa vile. (Munacheka, lakini walimu wako hapa, hawacheke.)

Kazi yenye ilinikamata shingo ni ya 2003, ya kundi lile lile. Safari hii alama moja ilikuwa na maana tone litakuja kila mara, nyingine halitakuja hata kidogo, nyingine ni nusu kwa nusu. Kwa ile ya nusu kwa nusu, seli zilikuwa zinapanda polepole wakati wote wa kungoja, kuliko kwa alama zote zingine. Kungoja bila kujua, njo ilikuwa inaziamsha. Munganga alinionya nisikimbie, mtu haiko tumbili na mechi haiko taa. Sawa. Lakini tumbili alingoja sekunde mbili. Mimi nilikuwa nanunua dakika 90, mara mechi saba kwa tike moja.

Na wale wenye kucheza munajua tike ya mechi saba inaungua namna gani. Haiungui kwa mechi tano. Inaungua kwa moja, dakika ya 88, na unalala ukisema nilikuwa karibu. Huko Cambridge, mwaka 2009, watafiti walipiga picha ubongo wa watu wakicheza mchezo wa bahati kwa mashine. Mtu akikosa kwa kidogo, sehemu fulani za ubongo zenye kuamka kwa kushinda ziliamka pia. Ukimuuliza, anasema haikumfurahisha. Lakini anataka kucheza tena, zaidi kama ni yeye mwenyewe alichagua. Mwenye kutengeneza tike ya mechi saba anajua biashara yake.

Kuna kitu kingine, na hiki ningependa mchungaji wangu akisikie. Ugonjwa wa Parkinson unaua seli za dopamini, mtu anatetemeka, anakuwa mzito kutembea. Kuna vidonge vyenye kuiga kazi ya dopamini. Madaktari waliona wagonjwa fulani, watu wazima, watulivu, wenye hawakuwahi kucheza kamari, wameanza kumaliza pesa ya nyumba kwa kamari baada ya kupewa vidonge vile. Walipopunguziwa ama kubadilishiwa dawa, wengi waliacha. Pepo haitoki kwa kupunguza kidonge. Na leo Shirika la Afya Duniani, kwa orodha yake ya magonjwa yenye ilianza kutumika 2022, limeweka ugonjwa wa kamari kwa sehemu moja na uraibu wa pombe na wa madawa ya kulevya.

Najua kuna mwenye anasema moyoni: huyu amekuja kujificha nyuma ya dopamini. Hapana. Dola 109 ni mimi nilizikula. Nimerudisha 71, inabaki 38, daftari iko na dada mwenye anatunza mfuko sasa, kila mtu anaweza kuiangalia. Lakini kama mungenipiga siku ile, ningetoka hapo na maumivu, bila marafiki, na simu mfukoni. Niwaambie kile ningefanya na ile simu?

Wakati wa vita ya Vietnam, askari wengi wa Marekani walizoea heroini kule. Mtafiti Lee Robins aliwafuata wale walirudi 1971. Karibu mmoja kwa watano alikuwa amefungwa na heroini akiwa Vietnam. Kati ya hao, mwaka wa kwanza nyumbani, karibu 5 kwa 100 tu njo walifungwa tena. Walipanda ndege, wakaacha mahali pale, watu wale, mazoea yale. Ubongo ulikuwa uleule. Mimi ndege yangu iko wapi? Kutoka nyumbani mpaka Nyawera nilikuwa napita vibanda saba vya pari, na cha nane ni simu. Nimebadilisha njia, nazunguka, nachoka. Pesa yangu ya simu iko na dada yangu, nambari ya siri anaijua yeye. Watu wananicheka kwamba kijana wa miaka 26 anaomba pesa ya sabuni. Wacheke.

Kwa kikundi, ninaomba mfuko usikae tena kwa simu ya mtu mmoja, hata awe mtakatifu. Na tunapoenda kuona wakubwa wa mji juu ya maji, tuwaambie pia juu ya vile vibanda karibu na mlango wa masomo. Nimeona watoto na uniforme wanaingia saa sita, na hakuna mwenye anawauliza miaka.

Wale muko kwa hali yangu, na ninaona angalau watatu wanaangalia chini: tunakutana Jumatano saa kumi, hapa hapa, chumba cha nyuma. Tuko wanne kwa sasa. Haulazimishwe kusema jina lako. Simu unaiacha kwa mlango, mama wa sambaza amekubali kuzichunga.