Kanuni Iingie Darasani

Msikilizaji, mtoto wa Unguja anaweza kuisikia taarabu kila harusi na asiiguse kanuni hata mara moja. Ala hii ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zimepangwa tatutatu kwa kila sauti. Mpigaji huvaa pete zenye risha kwenye vidole vya shahada, kisha huinua vibati vidogo pembeni kupata zile sauti za katikati ambazo piano haina. Haya hayafundishiki kwa ubao na chaki.

Mafundi tunao. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Mji Mkongwe, kilifunguliwa 2002. Walimu wakuu na kamati za shule, mwalikeni fundi, mumlipe nauli na haki yake. Asije siku ya mahafali tu. Aje kila wiki, muhula mzima, awakute watoto walewale, na mwalimu wa darasa akae naye ajifunze, ili mazoezi yaendelee fundi akiondoka. Nanyi wazazi, mtoto akirudi anagonga meza kwa mapigo ya ngoma ya kidumbaki, msimkaripie: ndiyo kazi aliyopewa akafanyie nyumbani.