Kubwaga Moyo: Usasabaadaye na Usomaji wa Bagamoyo

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza swali moja: je, nadharia ya usasabaadaye, iliyozoeleka katika uhakiki wa riwaya mpya ya Kiswahili, yaweza kusaidia kuusoma mji na utamaduni pendwa wake? Mfano uliochaguliwa ni Bagamoyo, kaskazini mwa Dar es Salaam. Hoja inayojengwa ni kwamba nadharia hiyo inafaa sana kufichua namna maana zinavyotengenezwa, lakini hupungukiwa inaposahau kuuliza ni kazi ya nani iliyozibeba maana hizo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1979, Jean-François Lyotard aliueleza usasabaadaye kuwa hali ya kutoyaamini tena masimulizi makuu, yaani yale yanayodai kuifafanua historia yote kwa mkondo mmoja. Mwaka 1981, Jean Baudrillard alidai kwamba katika zama hizi nakala huweza kutangulia kile kinachonakiliwa, hata swali la asili likapoteza uzito. Wahakiki wa Kiswahili wameyatumia mawazo ya aina hii kuzisoma Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Aghalabu uhakiki huo umeishia kwenye riwaya. Hata hivyo, sifa zilizobainishwa humo, kama vile mseto, mwingilianomatini na kuyumba kwa maana, zinaonekana vilevile katika jina la mji, katika ngoma na katika muziki.

Jina la Bagamoyo ndilo matini ya kwanza. Kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na "bwaga moyo", na maelezo hayo yana matawi mawili. Tawi la kwanza husema kwamba mateka waliofikishwa pwani walikata tamaa na kuiacha mioyo yao hapo kabla ya kuvushwa bahari. Tawi la pili husema kwamba wapagazi waliotoka bara, wakiwa wamechoshwa na safari ya miezi, walitua mizigo yao hapo na kuipumzisha mioyo. Kitenzi chenyewe hakitoi hukumu. Kubwaga ni kutupa chini kinachobebwa. Ni kumwangusha mtu katika mieleka. Na kutoka humo limepatikana neno "kibwagizo", mstari unaorudiwa kila mwisho wa ubeti. Kibwagizo hakibadiliki maneno, lakini ubeti unaokitangulia huweza kukigeuza maana. Ndivyo jina hili lilivyofanya kazi: limebaki lilelile, huku kila kizazi kikilitungia ubeti wake.

Hadi hapa usasabaadaye unafaa. Unamzuia msomaji asitafute maana moja iliyo safi, na unamkumbusha kwamba fasiri nyingi ni jambo la kale katika ushairi wa Kiswahili, si zawadi kutoka Paris.

Tatizo linaanza pale fasiri zote zinapohesabiwa kuwa sawa. Katika soko la utalii, fasiri ya huzuni ndiyo iliyotamba. Filamu ya mwanamuziki wa Marekani Béla Fleck ya mwaka 2008, Throw Down Your Heart, ilipata jina lake kutokana na fasiri hiyo. Watumwa walipita Bagamoyo. Hilo halikanushiki, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ilikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hata hivyo, bandari kuu ya biashara ya watumwa katika Mrima ilikuwa Kilwa Kivinje. Utajiri wa Bagamoyo ulitegemea zaidi pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya mizigo ya misafara ilibebwa na wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi. Masimulizi yenye mauzo yanapowafunika watu hao, kinachopotea ni kumbukumbu ya wafanyakazi waliopatana ujira, waliogoma na waliouimba mwisho wa safari yao. Kauli kwamba "kila fasiri ni halali" haiwalindi; humwachia ushindi mwenye sauti kubwa zaidi.

Matini ya pili ni jukwaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, kikawarithi wasanii wa vikundi vya sanaa vya taifa. Mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Humo ngoma za makabila mbalimbali zimefundishwa, zikafupishwa, zikapangwa kwa mistari inayoelekea hadhira. Ngoma iliyochezwa arusini au unyagoni usiku kucha huwa onyesho la dakika chache. Mfuasi wa Baudrillard angesema kwamba hapa nakala imeimeza asili. Kauli hiyo ina ukweli, lakini inamsahau mchezaji. Mwili unaochoka jukwaani si nakala, na ujuzi wa mkono juu ya ngozi ya ngoma hufunzwa kwa miaka mingi.

Mfano wa Hukwe Zawose unaliweka jambo hili wazi. Alikuwa Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Zeze na ilimba zake zilisikika katika albamu ya Chibite (1996), iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza, na baadaye katika Assembly, alikoshirikiana na Michael Brook wa Kanada. Ni rahisi kuuita ushirikiano huo mseto wa kisasabaadaye. Lakini kabla ya gitaa la Brook, muziki huo ulikuwa umekwishasafiri: kutoka Ugogo hadi jukwaa la taifa, kisha hadi pwani ya Wazaramo na Wakwere. Mseto haukuletwa na studio. Kilichobadilika ni masharti ya kusikilizwa. Jina la Zawose limeandikwa kwenye jalada. Majina ya wazee wa vijijini ambao ngoma zao zililisha majukwaa kwa miongo mingi aghalabu hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo, usasabaadaye usitupwe, bali utiwe nidhamu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeusoma utamaduni pendwa wa pwani hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: maana hii imeundwaje, na nani aliifanyia kazi? Swali la kwanza likiachwa peke yake, Bagamoyo huwa mchezo wa maneno. La pili likiachwa peke yake, huwa orodha ya bidhaa na mishahara. Yakiulizwa pamoja, mpagazi, mateka na mchezaji wa ngoma hurudi katika matini wakiwa watu wenye historia, wala si mapambo ya jina zuri.